Kilomita 370

Kazi iliingia saa nne usiku: maneno 300 kuhusu umbali na muda wa ndege kutoka Heathrow, London, hadi Schiphol, Amsterdam. Malipo shilingi 250. Mimi sijawahi kupanda ndege. Lakini bando lilikuwa linaisha na kodi ya keja imefika, kwa hivyo nikaandika kama mtu anayesafiri kila wiki.

Umbali ni rahisi. Ukipima njia ya mkato ya angani, ni kama kilomita 370. Kilichonisumbua ni muda. Ndege inakaa hewani dakika 50 hivi, lakini ratiba inasema saa moja na dakika 20. Hizo zingine zinaenda wapi?

Nikasoma, nikaelewa. Ratiba inaanza kuhesabu ndege inapotoka ilipoegeshwa, si inaporuka. Heathrow kuna foleni ya kuruka. Schiphol nako kuna barabara ya kutua inaitwa Polderbaan, iko mbali na jengo la abiria, ndege inaweza kutembea ardhini kama robo saa. Yaani umefika na bado hujafika.

Halafu kuna saa za ukutani. Amsterdam iko mbele ya London kwa saa moja. Ukitoka London saa tatu asubuhi, unafika saa tano na dakika 20. Siku ya kurudi, ukitoka saa tatu, unafika saa tatu na dakika 20. Ukiangalia saa tu, utadhani kurudi si safari.

Hapo nikaacha kuandika kidogo.

Nairobi hadi Mombasa, kwa ndege, ni kama kilomita 420. Hazijapishana sana na zile. Mama yuko Likoni. Ukipanda basi la usiku, asubuhi uko Mwembe Tayari. Mimi ni mwaka wa pili huu na sijafika. Niliacha chuo mwaka wa tatu, karo iliponishinda, na sikumwambia. Kila akipiga simu ananiuliza, "Mahafali ni lini, mwanangu? Mwenzio leso nishanunua."

"Karibu, Mama," namjibu.

Barabara haina makosa. Hiyo miaka miwili yote nimeimalizia hapa nilipo, hata kuondoka sijaondoka.

Mteja alirudisha makala. Alisema sehemu ya kungoja ni ndefu, nipunguze. Nikapunguza. Nikaandika zingine tano za aina hiyo, nauli ikapatikana, nikampigia Mama.

"Shikamoo, Mama. Nakuja Ijumaa. Kuna jambo nataka tuzungumze."

Akanyamaza. "La masomo?"

Nikakosa la kusema.

"Njoo," akasema. "Utanieleza ukishakula."