Hodi Katika Jumba la Mizuka

Mwaka 1998 nilitoka Unguja kwenda kusomesha Kiswahili katika skuli moja ya sekondari kwenye miteremko ya Mlima Meru, juu kidogo ya Usa River. Nyumba za walimu zilikuwa zimejaa, nikapewa chumba katika jumba la zamani la mkulima wa Kizungu, lililosimama peke yake nyuma ya mibuni iliyoachwa bila kupogolewa. Lilikuwa na paa la bati jekundu, baraza refu lililoelekea mlima, sakafu ya mbao, na dohani ya mawe ambayo mimi, mtu wa pwani, sikujua niitumie vipi. Walimu wenzangu hawakunificha jambo. Waliniambia kwamba jumba lile lina mizuka, kwamba mwenyewe alifia humo, na kwamba aliyelala humo kabla yangu hakumaliza muhula.

Usiku wa kwanza nilisikia yote niliyoahidiwa. Saa nne bati lilianza kulia kana kwamba mtu anatembea juu yake kwa viatu. Kisha kikaja kilio cha mtoto mchanga kutoka kwenye miti ya nyuma, na mwisho mbao za chumba cha pili zikaitikia. Nilisoma Ayatul Kursi mpaka ulimi ukanikauka. Asubuhi yake mzee mlinzi alinieleza, bila ya kunicheka, kwamba bati lililoota jua mchana kutwa hujikunyata kwa baridi ya mlima, na kwamba mtoto aliyelia ni komba. Kuhusu mbao za sakafu hakusema kitu.

Katika sanduku langu nilikuwa nimechukua vitabu vichache vya hadithi fupi, na nikavisoma humo humo kwa mwanga wa kandili. Yasemwa kwamba kitabu husomwa na macho, lakini mimi naamini husomwa pia na nyumba aliyokaa msomaji. Hadithi zile nilikwisha kuzisoma Unguja, zikanipita. Chini ya bati lile zilinisimamisha, na ndipo nilipoanza kuona kwamba nyumba ya mizuka katika hadithi za Kigothi si ile ile iliyomo katika hadithi za uhalisia-ajabu, ingawa zote mbili zina giza, milango na sauti.

Tuanze na ile ya Kigothi. Hadithi ya Edgar Allan Poe ya mwaka 1839 kuhusu kuanguka kwa nyumba ya Usher ndiyo kielelezo chake mashuhuri. Mgeni anafika kwa rafiki yake wa utotoni. Anaiona nyumba imepasuka ufa mwembamba kutoka paani hadi kwenye maji ya ziwa lililo mbele yake. Ndani yake mna kaka na dada wa mwisho wa ukoo wao, wote wagonjwa. Dada anazikwa ilhali yu hai, naye anarudi. Nyumba inakatika katikati na kuzama. Poe anatuambia kwamba watu wa pale waliliita jengo na ukoo kwa jina moja. Sisi wa pwani hatuhitaji kufafanuliwa hilo. Twasema nyumba ya fulani na kukusudia jamaa zake, na twasema mlango na kukusudia ukoo. Mlango ukifungika, watu wamekwisha.

Wala msomaji wa mashairi yetu hataliona jambo hilo kuwa geni. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir alipotunga Al-Inkishafi mwanzoni mwa karne ya 19, aliyatazama majumba ya Pate yaliyobomoka na akaihubiria nafsi yake kwayo. Yeye hakutaka kumtisha mtu kwa starehe ya kutisha, alitaka kumwamsha. Hata hivyo gofu la mshairi wetu na gofu la Poe zina hoja moja: nyumba huoza kwa sababu wenyewe wameoza au wamekufa. Dhambi, kiburi na kaburi vyote ni vya mwenye nyumba. Anayeitazama kutoka nje hana deni. Hutetemeka, akajifunza, akaenda zake.

Sasa tuchukue ile ya pili. Mwaka 1992 Gabriel García Márquez alichapisha hadithi kumi na mbili za watu wa Amerika ya Kusini walio ugenini Ulaya. Mojawapo inatokea katika kasri ya Kitaliani karibu na Arezzo, ambamo zamani bwana mmoja alimuua mpenzi wake kitandani. Watu wa familia wanafika mchana, wanakula vizuri, wanaidhihaki habari ya mizuka, wanalala chumba cha chini. Asubuhi mume na mke wanajikuta katika chumba cha muuaji, penye harufu ya matunda yaliyochumwa punde na damu ambayo bado ina joto. Vifaa vyote ni vya Kigothi. Kilichobadilika ni sauti ya msimulizi, anayetusimulia maajabu yale kama mtu anayeeleza safari ya likizo. Mzuka hapo haivunji kanuni ya dunia. Ni mmoja wa wakaazi wake.

Lakini hadithi iliyoninyima usingizi zaidi ni ya Mwajentina Julio Cortázar, ya mwaka 1946, juu ya nyumba iliyotwaliwa. Wapo wahakiki wanaoiweka katika fantasia na si katika uhalisia-ajabu wenyewe, nami sitagombana nao. Ni jirani wa ukuta mmoja. Kaka na dada wanaishi katika nyumba kubwa ya mababu zao mjini Buenos Aires. Yeye husoma, dada hufuma. Siku moja zinasikika sauti upande wa nyuma. Hawaulizi ni nani. Wanafunga mlango wa katikati na kuendelea kuishi katika nusu iliyobaki. Kisha sauti zinavuka. Dada anauacha ufumaji wake kwa kuwa uzi umebaki upande wa pili wa mlango, wanatoka nje na saa tu mkononi, na kaka anautupa ufunguo katika mfereji wa maji machafu. Nyumba haikuanguka. Imesimama vile vile, imejaa watu, ila si wale. Wengi wameisoma kama hofu ya wenye mali mbele ya umma uliomfuata Perón. Cortázar mwenyewe alisema kwamba ilimjia katika ndoto mbaya.

Nirudi kwa mzee mlinzi, kwani yeye ndiye aliyenisomesha hadithi hiyo pasi na kuijua. Alikuwa Mmeru wa makamo ya baba yangu, mwenye meno ya rangi ya kahawia kama wengi waliokulia maji ya mlima ule, yenye madini mengi ya floridi. Kila jioni alipokuja kufunga madirisha alisimama barazani akabisha hodi mara tatu, hata pale aliponiona nimekaa nje na ndani hamna mtu.

"Unambishia nani, mzee wangu?" nilimwuliza siku moja baada ya kumwamkia.

"Nyumba si yangu, mwalimu," alijibu. "Wala si yako. Nabisha tu."

Ilichukua wiki kadhaa kabla hajanieleza zaidi. Alizaliwa Ngarenanyuki, upande wa kaskazini-mashariki wa mlima, mahali ambapo jina lake kwa Kimaasai lina maana ya maji mekundu. Serikali ya Kiingereza, iliyoitawala Tanganyika kwa udhamini wa Umoja wa Mataifa, iliamua kwamba ardhi ile iwe ya wafugaji wa Kizungu. Mwezi wa Novemba 1951 askari wakaja. Wameru wapatao 3,000 wakaondolewa, nyumba zao zikatiwa moto, wakaelekezwa Kingori, ambako wengi wao walikataa kwenda. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alisafiri hadi New York na kuwasemea wenzake mbele ya Umoja wa Mataifa, Mtanganyika wa kwanza kufanya hivyo. Haya yamo vitabuni. Kirilo mwenyewe, pamoja na wakili Earle Seaton, aliyaandikia kitabu kilichotoka mwaka 1967.

Aliyonieleza mzee hayamo vitabuni. Alikuwa na umri wa miaka kumi hivi. Alikumbuka kwamba asubuhi ile mama yake alifagia nyumba.

"Alijua kwamba wanakuja," aliniambia. "Akafagia ndani, akafagia na uwanja. Halafu akatoka akasimama pembeni, wao wakaitia moto."

Alipokuwa kijana alipata kibarua katika jumba hili hili, cha kupasua kuni za dohani. Alimfahamu mwenye jumba, akamwona akizeeka. "Basi akija usiku, mimi simwogopi," alisema. "Alikuwa mgeni, na bado ni mgeni. Ninachojiuliza ni kwa nini hakuna anayesema kwamba Ngarenanyuki kuna mizuka. Kule ndiko watu walikotolewa."

Swali hilo sijalipatia jibu la kuniridhisha mpaka leo. Momela, si mbali na Ngarenanyuki, husimuliwa kwamba Margarete Trappe, mlowezi wa Kijerumani aliyefariki mwaka 1957, alipokufa tembo walikuja shambani kwake kumwaga. Ni kisa kizuri, na Márquez angekipenda. Walowezi wameachiwa tembo, kasri na sauti za usiku. Waliochomewa nyumba za nyasi hawakuachiwa hata gofu la kukaliwa na popo. Hadithi ya Kigothi yataka mawe. Aliyenyang'anywa mawe, au ambaye hakuwa nayo tangu mwanzo, atarudi wapi akitaka kurudi?

Usiku huo niliichukua tena hadithi ya nyumba iliyotwaliwa. Kwenye ukurasa wa mbele niliona kwamba mkusanyo wa Cortázar wenye hadithi hiyo ulitoka mwaka 1951, mwaka ule ule wa moto wa Ngarenanyuki. Hilo ni sadfa tu, na sitaki kulibebesha zaidi ya uwezo wake. Lakini lilinifanya nisome kwa jicho jingine. Siku zote nilisimama na wale ndugu wawili, nikizisikiliza sauti kutoka upande wao wa mlango. Safari hii nilijiuliza sauti zile ni za nani, na zilitoka wapi kabla ya kuingia humo. Nikajibiwa na kumbukumbu ambayo sikuiita.

Nyumba niliyolelewa iko Mji Mkongwe. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 nyumba nyingi za mji ule zilitaifishwa na kugawiwa, na baba yangu, mchukuzi wa bandarini aliyekuwa akikaa Ng'ambo, akapata makaazi humo. Mimi nilizaliwa humo miaka minne baadaye na sikujua nyumba nyingine. Juu ya mlango palichongwa jina la mtu ambaye hakuwa jamaa yetu, nami nilikua nikilipita kila siku kama mtu apitavyo kivuli.

Mwaka 1985, nilipokuwa na miaka 17, bibi mmoja aliyetoka Maskati alibisha hodi. Mama akaitika karibu kabla hajajua ni nani. Ngazi yetu ya mawe ni ya giza, na kipandio chake cha tatu kiko juu kuliko vyenziwe. Hakuna mgeni asiyejikwaa hapo. Yule bibi alipanda nyuma ya mama, na alipofika mahali pale aliuinua mguu wake bila ya kutazama chini. Mimi niliyekuwa nyuma yake niliona. Juu, ukumbini, aliomba aonyeshwe chumba alichozaliwa. Mama akamwambia kwamba chumba kimefungwa na ufunguo anao baba kazini. Haikuwa kweli. Yule bibi akanywa maji, akashukuru, akateremka, na kwenye kipandio kile akafanya vile vile.

Basi msomaji, mimi ndiye niliyekuwa sauti ya upande wa pili wa mlango. Hapo ndipo ninapoziona hadithi hizi mbili zinapoachana. Ile ya Kigothi huniambia kwamba mzuka ni wa mwenye nyumba na mimi ni mgeni tu, naweza kwenda zangu asubuhi. Ile ya pili huniweka kitandani mwa aliyeua, au huniacha ndani ya nyumba baada ya wenyewe kuutupa ufunguo, kisha inaniuliza nitakaaje humo.

Likizo ya Disemba nilipokwenda nyumbani nilimwuliza mama juu ya siku ile. Hakukasirika.

"Kule Ng'ambo tulilala wanane chumba kimoja, mwanangu, na mvua ikitunyea," alisema. "Baba yako alipokabidhiwa ufunguo hakuuliza ni wa nani. Ungeuliza wewe?"

Nilinyamaza, kwani najua nisingeuliza.

"Na yule bibi?"

"Alibisha hodi," mama akasema. "Angeingia kwa kelele ningemfukuza, nikalala. Lakini alibisha hodi."

Mama alifariki mwaka 2009. Yule bibi hakurudi, wala sikupata kulijua jina lake. Mwaka 2019 fundi alikuja kutukarabatia ngazi, akapima, akaniuliza kama akisawazishe kipandio cha tatu ili wageni wasiwe wanajikwaa. Nilimwambia akiache kama kilivyo.