Siku ya Mia Katika Darasa la Awali

Mwaka wa shule nchini Tanzania una siku 194 za masomo. Kwa mwalimu hiyo ni namba ya kwenye kalenda, lakini kwa mtoto wa miaka mitano haina maana yoyote. Yeye anaijua leo. Kesho anaijua kwa shida, na jana yake yaweza kuwa juzi au Krismasi iliyopita. Ndiyo maana niliipenda desturi moja ya shule za watoto wadogo za Marekani, ya kusherehekea siku ya mia tangu mwaka wa masomo uanze. Nimeijaribu katika darasa langu la awali, huku Njombe, kwa vitu tulivyonavyo.

Maandalizi huanza Januari, siku ile ile shule inapofunguliwa. Kila asubuhi, baada ya kuita majina, mtoto mmoja hutumbukiza kijiti kimoja kwenye kopo la mamoja. Vijiti vikitimia kumi tunavifunga kwa uzi, na fungu linahamia kopo la makumi. Kopo la tatu, la mamia, linakaa tupu miezi yote hiyo. Watoto huuliza ni la nini. Huwajibu, "Ni la mgeni. Bado yuko njiani."

Kwetu mgeni huyo hufika Julai, muda mfupi baada ya likizo ya katikati ya mwaka. Na Julai ndio mwezi unaonitia wasiwasi kuliko yote. Ni msimu wa kuvuna mahindi. Wazazi wako shambani, wengine mashamba ya mbali, na mtoto mdogo huenda na mama yake. Wengi husema darasa la awali si shule hasa, watoto wanacheza tu. Basi mtoto akikosa wiki tatu, mara nyingi harudi tena hadi Januari, na hapo anaingia darasa la kwanza na wenzake waliokwisha kuzoea penseli. Nilitaka sherehe iwe sababu ya kumrudisha mapema.

Kwenye kikao cha wazazi yalitolewa mawazo mawili. La kwanza, tuchangishane tununue keki na fulana. La pili, tuwape zawadi watoto ambao hawakukosa hata siku moja. Sikuyakubali yote mawili. Mchango ungewafungia mlango wale wale niliokuwa nawatafuta. Nimewahi kuona mahafali ya watoto wadogo ambapo asiyelipia joho alibaki nyumbani siku ya furaha ya wenzake. Na zawadi ya mahudhurio ingempongeza mtoto kwa jambo asiloliamua. Mto ukijaa, au mdogo wake akiugua, si yeye anayesema leo siendi. Vijiti vya makopo yetu ni vya darasa zima, aliyekuwepo na asiyekuwepo.

"Sasa mwalimu, sherehe bila keki ni sherehe gani?" mama mmoja aliniuliza. Nikamwomba aje aone.

Siku yenyewe tulianza na vidole. Watoto kumi walisimama mbele wakainua mikono, nasi tukahesabu kumi kumi mpaka mia. Kisha nikawauliza, punje mia za mahindi zitajaza nini? Wengi walisema debe, mmoja akasema gunia. Watoto kumi wakaleta punje kumi kila mmoja, tukazikusanya, na zote zikaenea kwenye viganja vyangu. Kimya kilitanda, kama vile nimewadhulumu. Tukatoka nje kupiga hatua mia. Tulipita choo, tukapita bustani, tukafika kwenye mparachichi. Hapo ndipo nilipoona wameanza kuelewa: mia ni ile ile, ila mia ya punje inashikika mkononi na mia ya hatua inachosha miguu. Kijana mmoja aliongeza ya kwake, kwamba mia ya dukani ni pipi mbili tu. Somo hilo la namba sikuwa nimeliandaa, na sikuona haja ya kulisahihisha.

Tulipokuwa tunarudi darasani, bibi mmoja alikuwa mlangoni na mjukuu wake, ambaye hatukuwa tumemwona tangu shule ifunguliwe.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwalimu. Huyu amenisumbua tangu juzi, ati kuna mgeni wenu anafika. Nimemtoa shambani nimlete. Yuko wapi nimsalimie?"

Mtoto alimvuta mkono hadi mezani. Tulifunga mafungu kumi kuwa fungu moja kubwa, tukalisimamisha kwenye kopo la tatu. Bibi alilitazama, akacheka mpaka akakaa chini. "Kumbe mgeni mwenyewe ni kuni!"

Si wote waliorudi. Wawili niliwaona tena Januari. Lakini yule wa bibi hakukosa tena mwezi ule, na bibi mwenyewe akawa anawauliza majirani kwa nini watoto wao wako shambani ilhali wenzao wanahesabu. Neno hilo kutoka kwake lilikuwa na uzito kuliko barua zangu zote.

Kesho yake asubuhi kopo la mamoja lilikuwa tupu, na la makumi pia. Mtoto wa zamu alitumbukiza kijiti kimoja, akageuka kuniuliza mgeni wa pili atafika lini.