Tope la Ragunda, Mifupa ya Kuumbi

Ragunda iko katikati ya Uswidi, mbali na bahari, na mgeni anayefika huko hupelekwa kwanza Döda fallet, maporomoko yasiyo na maji. Mwaka 1796 mfanyabiashara Magnus Huss alichimba mfereji ili magogo yapite kando ya maporomoko bila kuvunjika. Mafuriko yakaula mfereji huo, na usiku mmoja wa Juni ziwa lote, lenye urefu wa kilomita 25 hivi, likamwagika kwa saa chache. Msiba ule uliwaachia wanajiolojia sakafu ya ziwa iliyo wazi, nami nimekuja kwa ajili ya sakafu hiyo.

Mahali ambapo ukingo umekatika wima, udongo umejaa mistari: kijivu kilichofifia, kisha cheusi, kisha kilichofifia tena. Wakati wa kiangazi barafu iliyeyuka, na mito iliyopita chini yake ikamwaga mchanga laini. Baridi ilipokuja, maji yalitulia na chembe ndogo kabisa za mfinyanzi zikapata nafasi ya kutua. Jozi moja ya mistari ni mwaka mmoja. Mwanajiolojia Gerard De Geer aliiona karibu na Stockholm mwaka 1878, naye akaishi nayo maisha yake yote. Mwaka 1905 aliwapanga wanafunzi wa Stockholm na Uppsala kwenye njia ya kilomita 200 hivi, wakachimba, wakasafisha kuta za mashimo, wakabandika ukanda wa karatasi na kutia alama unene wa kila mwaka. Mwaka mnene kusini ulitafutwa katika shimo lililofuata kaskazini, mpaka mashimo yakaunganika.

Fundi wa makuti angeielewa hesabu hii mara moja. Safu ya kwanza huwekwa chini, na kila safu inayofuata huanza juu kidogo na kuilalia iliyotangulia. Barafu ilikuwa ikirudi kaskazini, kwa hiyo tope la kila mwaka lilianza kaskazini zaidi ya lile la mwaka uliopita na kulifunika. Mstari wa chini kabisa katika shimo ndio mwaka barafu ilipoondoka mahali hapo. Unapiga hatua, unachimba, unajua. Ragunda ilihitajika ili hesabu isogee kuelekea zama zetu, maana ziwa liliendelea kupokea tope baada ya barafu kutoweka. Baadaye Ragnar Lidén aliiendeleza kazi hiyo katika bonde la mto Ångermanälven. Wataalamu wameisahihisha mara kadhaa, kwani kuna miaka iliyokosekana. Hata hivyo sijaona kitu kingine katika elimu ya dunia kinachonigusa kama ukuta huu wa udongo: miaka elfu kumi nyuma, na mwaka mmoja mmoja una mahali pake.

Lahti, nchini Finland, ushahidi ni wa namna nyingine. Mji umekaa kwenye Salpausselkä, tuta la mchanga na kokoto linalokatiza kusini mwa nchi kwa mamia ya kilomita, na minara ya kuruka kwa ski imejengwa kwenye mteremko wake. Hapa barafu ilisita. Baridi ilirejea ghafla, miaka 12,900 hivi iliyopita, ikakaa zaidi ya miaka elfu moja, na ukingo wa barafu ukazunguka palepale ukimwaga mzigo wake. Tope la Uswidi huhesabu mwendo, tuta hili huonyesha kituo. Ila tuta halina tarehe ndani yake. Tarehe hutafutwa kwenye majabali: mionzi kutoka anga za juu hutengeneza beriliamu-10 ndani ya kwatsi tangu siku jiwe lilipofunuliwa, na kiasi chake kikipimwa, umri wa kufunuliwa hupatikana. Majibu huja na ukingo wa mamia ya miaka. Kwa hiyo anayechora ramani ya barafu inayorudi hukaa na mashahidi wawili, mmoja ajuaye mahali na mwingine ajuaye mwaka, akiwalinganisha.

Niliporudi Uswidi, pwani ya Höga Kusten ilinichanganya kwa furaha. Mlima Skuleberget una msitu kichwani, na chini ya msitu huo kuna mwamba mtupu. Mawimbi ndiyo yaliyouosha. Bahari ilifika mita 285 hivi juu ya ilipo leo, kwa sababu barafu yenye unene wa kilomita mbili au tatu ilikuwa imeididimiza ardhi, na tangu uzito huo uondoke ardhi inainuka. Mpaka sasa inapanda milimita 8 hivi kwa mwaka. Kaskazini zaidi, mji wa Luleå ulihamishwa mwaka 1649 kwa kuwa bandari yake ya zamani ilikuwa imekauka mno kwa merikebu.

Hapo ndipo nilipoanza kuandika kuhusu kwetu. Unguja haikubebeshwa barafu hata siku moja, basi haina cha kuinukia. Sisi tulipokea maji tu. Wakati barafu ilipokuwa nyingi kabisa, miaka 21,000 hivi iliyopita, bahari za dunia zilikuwa chini kwa zaidi ya mita 120, na mkondo unaotenganisha Unguja na bara una kina cha makumi ya mita tu. Ulikuwa nchi kavu. Katika pango la Kuumbi, kwenye maweni ya Jambiani, wanaakiolojia, Felix Chami akiwa miongoni mwa waliotangulia, wamechimbua zana za mawe, na katika tabaka za kale kuna mifupa ya nyati na punda milia. Tabaka za juu hazina punda milia. Watu wa Jambiani wanalijua pango hili kwa mambo yao wenyewe, ya heshima na dua, na mgeni anayekwenda kwa ajili ya mifupa avue viatu vya haraka.

Kuumbi hakuna mistari ya kuhesabu. Mwenendo wa bahari yetu inabidi usomwe mbali, kwenye matumbawe. Yaliyotobolewa Tahiti mwaka 2005 yanaonyesha kwamba miaka 14,600 hivi iliyopita bahari ilipanda kati ya mita 14 na 18 katika muda usiofika miaka 350. Mzee wa miaka 70 angeona maji yakipanda karibu mita tatu maishani mwake. Matumbawe hupima jumla ya maji. Hayasemi yametoka barafu ipi, na wataalamu wanabishana bado juu ya mgawo wa Amerika Kaskazini, Ulaya na Antaktika. Ndiyo maana tope, tuta na mwamba uliooshwa vinahitajika: kila kilomita ya barafu iliyorudi lazima ilingane na maji yaliyoingia baharini.

Nilipoweka tarehe pembeni kwa pembeni, zilikutana. Mkondo wa Unguja, kwa kina chake, ulijaa miaka 11,000 hadi 10,000 hivi iliyopita, bahari ikiwa bado mita arobaini au hamsini chini ya leo. Ni karne zilezile ambazo ukingo wa barafu ulikuwa ukitoka Stockholm kuelekea Ragunda. Wingi wa maji ulitoka kwenye ngao ya barafu ya Amerika Kaskazini, iliyokuwa kubwa kuliko zote. Sehemu ya Uswidi ilikuwa ndogo. Lakini tope lililohesabiwa na wanafunzi wale ndilo linalobeba miaka hiyo mmoja baada ya mwingine, miaka ambayo nyati wa Unguja walikuwa wakikatiwa njia ya kurudi bara. Pemba ni jambo jingine: mkondo wake una kina cha mamia ya mita, na hata barafu ilipokuwa nyingi kabisa, kati yake na bara kulikuwa na bahari.