Akiba Haiozi, Lakini Ina Kipimo



Wazee wetu walituusia kwamba akiba haiozi. Hapa Marekani usia huo una sharti lake: akiba ya uzeeni iwekwayo katika akaunti ya IRA ina kipimo, na kinachopindukia hutozwa kodi ya asilimia 6 kila mwaka hadi kitakapoondolewa.

Dada mmoja, jirani yetu atunzaye wazee majumbani, aliweka mwaka 2024 dola 7,000 katika akaunti ya Roth IRA kwenye benki moja, na dola 3,000 katika nyingine ya aina hiyo hiyo kwenye benki ya pili. Alidhani kila akaunti ina kipimo chake. Kumbe kwa asiyetimiza miaka 50, dola 7,000 ndizo zilizoruhusiwa mwaka ule kwa akaunti zake zote za IRA pamoja. Alipong'amua, Juni 2025, alikuwa amekwisha kupeleka hesabu zake za kodi. Akanyamaza. Aliona kwamba kujipeleka mbele ya serikali ni kujitafutia balaa, nasi wageni hatuna wa kututetea.

Hofu hiyo naifahamu, wala siicheki. Lakini kimya kile kingemgharimu dola 180 kila mwaka. Kuzitoa fedha kichinichini nako kusingefaa. Ilimpasa kuieleza benki kwamba anaondoa ziada, ili ikokotoe pia faida iliyozaliwa na zile dola 3,000. Kwa kuwa hesabu zake zilifika kwa wakati, sheria ilimpa nafasi hadi tarehe 15 Oktoba. Akazitoa pamoja na faida yake, akajaza Fomu 1040-X ya masahihisho, na faida ile akailipia kodi kama pato la mwaka 2024. Asilimia 6 haikumgusa.

Aliyepitwa na tarehe hiyo naye asikate tamaa. Atalipa asilimia 6 kwa Fomu 5329, kisha aitoe ziada, au apunguze mchango wa mwaka unaofuata kwa kiasi kile kile.

Katika jumuiya yetu twachangiana arusi na misiba hadharani, ila barua za kodi twazifungia kabatini. Tuzitoe, tusomeane. Mficha uchi hazai.