Barua ya Mjomba

Huko Tezo, katika barabara itokayo Kilifi kwenda Malindi, mzee mmoja mwenye mikorosho na minazi alimwita mpwa wake, kijana aliyemaliza masomo ya sekondari, amwandikie barua ya kupeleka ofisi ya ardhi. Ulikuwa mwaka 2016. Mzee alitaka ijulikane kwamba amekaa katika shamba lile wakati wote, tangu kuzaliwa kwake, na kwamba amelilima kwa bidii. Mambo hayo mawili ndiyo yaliyokuwa tegemeo lake, kwa sababu hati hakuwa nayo.

Kijana akaandika kwa Kiingereza. Neno "always" aliliona la watoto, akatafuta maneno yenye kishindo. Akaandika kwamba mjomba wake anakaa pale "for the time being", na kwamba hufanya kazi "hardly". Alipoisoma kwa sauti mzee akafurahi sana, maana ilikuwa na mvumo.

Bahati njema jirani yao, mwalimu aliyestaafu, alikuwa amekaa barazani. Akaomba isomwe tena, pole pole.

"Mwanangu," akasema, "umeandika ya kuwa mzee yupo hapa kwa sasa tu, mpaka apate pengine, na ya kuwa kazi hafanyi ila kidogo mno. Ukiipeleka barua hii, umemfukuza mjomba wako kwa mkono wako mwenyewe."

Kosa la namna hii lina asili yake. Kiswahili kina neno "kwa", nalo hubeba mizigo mingi: kwa miguu, kwa basi, kwa haraka, kwa makusudi, kwa bahati mbaya. Kiingereza hakina hamali mmoja wa kazi zote hizo. Mtu huenda "on foot", lakini akipanda basi huenda "by bus". Mwenye haraka yu "in a hurry". Aliyevunja chungu makusudi amekivunja "on purpose", na kikimponyoka ni "by accident". Asitafute mtu kwa nini mguu umepewa "on" na basi likapewa "by". Mafungu hayo hushikwa mazima mazima, kama methali.

Hata "in time" na "on time", ambayo kwetu yote ni kwa wakati, hayafanani. Kabla ya daraja la Kilifi kufunguliwa mwaka 1991, watu walivuka kwa feri toka Mnarani. Aliyeikuta feri ingali gatini aliwahi "in time", hata kama feri yenyewe haikuondoka "on time". Nalo "hardly" ndilo lenye hila kupita yote, kwani sura yake ni ya "hard", na maana yake karibu ni kinyume.

Kijana akafuta, akaandika "all his life" na "very hard". Mwalimu akawakumbusha kwamba Katiba ya mwaka 2010 imefanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, hivyo barua ingefaa hata kwa Kiswahili.

Mzee akataka zote mbili, ya Kiswahili iwe juu. "Niisikie mwenyewe," akasema, "kabla sijatia kidole gumba."