Tulivyotafuta Atachimenti

Mwaka 2002 nilikuwa mwanafunzi wa uhasibu katika chuo kimoja cha jijini Nairobi, na kila mtu alijitafutia atachimenti mwenyewe, yaani mafunzo ya kazini. Chuo kilikupa barua yenye mhuri, basi. Vijana wa kwetu Ofafa Jericho walivuka Jogoo Road wakaingia Industrial Area, wakipiga hodi geti baada ya geti. Mimi natembea kwa magongo tangu polio iliponipata utotoni. Mlinzi mmoja aliponiona tu alitia mkono mfukoni kutafuta sarafu. Nikamnyooshea bahasha, naye akaniambia kwa upole, "Kuja Ijumaa, ndiyo siku ya msaada." Upole ule ndio ulioniuma. Kwake, mtu wa magongo getini hakuwa na shida nyingine ila njaa.

Mwishowe mchungaji wetu alizungumza na mtu aliyemfahamu, nikapewa nafasi. Idara ya hesabu ilikuwa orofa ya tatu, lifti hakuna, kwa hiyo wakaniweka stoo ya chini nihesabu katoni. Leja sikuishika. Ripoti niliandika, nikapita, na nilipomaliza chuo sikuwa na cha kumwonyesha mwajiri. Ndivyo wengi wetu tulivyobaki nyuma: siyo kwa kukosa cheti, ila kwa kukosa yale mafunzo ya miezi mitatu ambayo wenzetu waliyapata.

Mwaka 2003 ikaja Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu likaundwa mwaka uliofuata. Tulishangilia asilimia 5 ya ajira iliyotajwa humo kwa ajili yetu. Lakini sheria haikumbana mwajiri. Ililitaka Baraza lijitahidi tu. Mwajiri aliyetuajiri aliweza pia kupunguziwa kodi, ila sidhani kama wenye viwanda wengi wa jirani walijua. Katiba ya 2010 ilikuwa na uzito mwingine. Kifungu cha 54 kilitaja haki zetu waziwazi, na Lugha ya Ishara ya Kenya ikawa miongoni mwa lugha rasmi za Bunge. Hapo ndipo nilipoanza kusikia vijana wakisema "haki yangu" pale sisi tuliposema "nisaidieni".

Binti wa jirani yangu, ambaye ni kiziwi, hakuenda kwa mchungaji. Alipohitimu aliomba uanagenzi kwa simu akiwa sebuleni kwao Umoja. Tume ya Utumishi wa Umma ina mpango wa wanagenzi waliohitimu, na kuna mashirika kama Riziki Source, lililoanzishwa na Fredrick Ouko, yanayowaunganisha watu wenye ulemavu na waajiri. Alipoitwa kwa mahojiano aliandika mapema kwamba atahitaji mkalimani. Mama yake alihofia wangemwona msumbufu. Mkalimani akaletwa.

Barabara, hata hivyo, bado inatushinda. Asubuhi matatu ya Buruburu haisimami sawasawa. Makanga anapiga bodi, unarukia mlangoni huku gari likiondoka. Mwenye magongo harukii, na mwenye kiti cha magurudumu huambiwa alipie viti viwili. Anayebaki hupanda boda au teksi, na posho ya mwanagenzi inaishia hapo kabla mwezi haujafika nusu. Nimeona vijana wazuri wakiacha nafasi walizozipigania kwa sababu ya nauli tu. Mpango wowote usiohesabu nauli hiyo umeandikwa na mtu ambaye hajawahi kusimama stejini saa kumi na mbili asubuhi akiwa na gongo mkononi.

Mei 2025 sheria mpya ilitiwa saini, iliyotokana na mswada ulioshughulikiwa na Seneta Crystal Asige, ambaye mwenyewe haoni. Sasa mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi anatakiwa kututengea angalau asilimia 5 ya nafasi. Nimewasomea vijana wa mtaani kifungu hicho. Mmoja wao, mwanafunzi wa takwimu asiyeona, aliipigia simu kampuni iliyomkubalia atachimenti akauliza kama kompyuta zao zina programu ya kusoma skrini. Wakasema wataulizia. Akawaambia atapiga tena Alhamisi, na kwamba programu ya NVDA hailipiwi, wanaweza kuiweka leo.