Kadi ya bibi

Nimekuwa kimya, nisameheni, kazi ilinibana. Mama kila nikipiga simu huniuliza, "Hiyo kompyuta unaifanyia nini hasa?" Haya Mama, leo nakuambia.

Kuna kliniki hapa Muscat inayochapa kadi za wagonjwa kwa programu niliyoiandika kwa C. Juzi nilikuwa pale, bibi mmoja akapewa kadi isiyo na jina. Akanigeukia kwa Kiswahili cha Unguja: "Mwanangu, kwani mie sina jina?" Jamani, niliona aibu!

Anaitwa Fatma, فاطمة, herufi 5. Lakini katika UTF-8 kila herufi ya Kiarabu hapo hula baiti 2, kwa hiyo strlen inahesabu 10. Ndipo inapokuja mbstowcs: inazigeuza baiti kuwa herufi pana, kila herufi na kiti chake, wcslen ikasema 5. Mimi niliiita vizuri tu, ila nilisahau kuanza na setlocale(LC_ALL, ""). Bila hiyo programu inabaki kwenye mazingira yaitwayo "C", na kompyuta yao kuukuu ya Linux humo haijui Kiarabu hata alifu. Ikarudisha -1, nami jibu sikuliangalia. Uvivu! Na majaribio nilifanya kwa jina langu, tena kwa herufi za Kizungu.

Nikaongeza mstari ule na kuikagua ile -1, nikachapa upya. Bibi akaisoma kadi polepole, kisha akaniuliza mama yangu ni nani.

Mama, kumbe mlikaa mtaa mmoja. Anakusalimu sana.